Kitenge cha Mabirika: Nilivyomfuata Koko Aziza hadi Basoko

Tangu nirudi Ujiji, kila anayekuja kunipa pole ya safari anakitupia jicho kitenge kilichofifia ninachokitumia kama pazia la chumba, kile cha kijani chenye mabirika ya njano. Mnauliza kwa nini sikitupi, nikisema ni hadithi ndefu mnavuta mkeka. Nimeisimulia mpaka koo limekauka, kwa hiyo sasa naiandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi, nami niendelee kupika. Habari za vibali na mihuri nitaziruka zote. Aliyewahi kuvitafuta wakati wa vita anajua, na ambaye hajawahi asitamani.

Kabondo, nyumbani kwa dada

Dada yangu Rehema mnamfahamu. Aliolewa Kisangani na fundi cherehani, mtu wa asili ya Maniema, Mwislamu kama sisi, ambaye kule wanamwita Papa Asha kwa jina la binti yake wa kwanza. Nilipelekwa kumsaidia dada kulea, nikiwa na miaka kumi na saba, nikae miezi sita. Vita vikafunga njia, miezi sita ikawa miaka mitatu na ushei. Mtaani Kabondo hakuna aliyejisumbua na jina langu. Niliitwa Tanzanie, nikazoea.

Katika nyumba ile aliishi pia mama mkwe wa dada, Koko Aziza. Koko ni bibi kwa kauli ya kule. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake ungeweza kumenya ndizi. Ugomvi wake na dada ulikuwa mmoja tu, nao ni lituma. Ndizi za kupika zinachemshwa, zinatwangwa kinuni mpaka zilainike kabisa, zinafinyangwa madonge, zinaliwa kwa samaki au maharage. Sisi wa Ujiji tunajua ndizi za mchuzi. Kutwanga si kazi yetu. Lituma la dada lilikuwa na mabonge. Siku moja, mbele ya wageni, Koko alilitafuna bonge, akalitoa mdomoni, akaliweka pembeni ya sahani, akasema anakwenda kukaa mahali ambapo watu wanajua kutwanga. Kesho yake alipanda mtumbwi kwenda kwa kaka yake Basoko, chini mtoni, akapoze hasira mwezi mmoja. Kabla mwezi haujaisha mapigano yakaingia katikati, mto ukafungwa.

Mwaka wa pili mchuuzi mmoja akapita na habari kwamba yule mama mzee aliyekuwa akiishi nyumba ile ya Basoko ameshazikwa. Tulilia kweli kweli. Tukafanya msiba, watu wakala, na siku ya arobaini nguo zake zikagawiwa wanawake waliomlilia, kama desturi ilivyo. Kule kitenge wanakiita kikwembe, na kila kikwembe kizuri kina jina lake. Koko aliacha kumi na viwili. Mimi nikapewa hicho cha mabirika, kinachoitwa Jirani Nyamaza.

Baada ya kulia watu walianza kuuliza nani alimfukuza. Tonton Saleh, mdogo wa marehemu baba mkwe na mkubwa wa ukoo pale mjini, aliitisha kikao. Uamuzi ukawa huu: ukitimia mwaka wa msiba, Rehema arudishwe kwao. Asha na mdogo wake anayenyonya wabaki kwa baba yao. Papa Asha alilia mbele ya watu, lakini kumjibu tonton, yaani baba yake mdogo, hakuthubutu. Usiku na mchana dada alikuwa anamkumbatia yule mtoto kana kwamba wameshaanza kumvuta mguu.

Ikabaki miezi miwili. Ndipo akatokea Mama Béa, muuza samaki wa kukaushwa, mwanamke Mlokele, kabila la wavuvi wa mto ule, aliyekuwa mmoja wa wachache waliothubutu kupita vizuizi vya pande zote. Alikuwa anafungua mzigo wake mlangoni petu huku akijisemea.

"Hii samaki nainunua Basoko kwa mama moja mukali sana," alisema. "Kila siku anasema juu ya bokilo yake, muke ya bwana wa mutoto wake... non, muke ya mutoto wake. Muke ya Ujiji. Eti hajue kutwanga lituma."

Dada aliangusha samaki. Sijawahi kuona mtu anatukanwa halafu anaanguka kusujudu kumshukuru Mungu.

Tulikimbia kwa Tonton Saleh. Alitusikiliza hadi mwisho, akafuta miwani.

"Ile iko maneno ya samaki," alisema. "Mutu alikufa, tulilia, tulikula. Kama iko muzima, bon, nimuone na macho yangu."

Nani amlete? Wanaume walikuwa wanakamatwa vizuizini kubebeshwa mizigo ya vita, wengine hawakurudi. Dada ana mtoto mgongoni. Nikasema nitakwenda mimi, kwa kiherehere, kabla sijajua nasema nini. Vibali peke yake vilikula karibu mwezi mzima. Vilipotoka, dada alinifungia nguo zangu, na kile kitenge akakiweka chini kabisa. Akanionya nisikivae mbele ya Koko mpaka ameelezwa taratibu. Nikaitikia ndiyo, dada.

Kisangani hadi Isangi

Kutoka Kabondo hadi mtoni nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, maana mafuta ya gari yalikuwa hadithi tu. Mwendeshaji aliniuliza nakwenda wapi na mzigo wote ule. Nilipomjibu Basoko, aligeuka kunitazama hadi tukakaribia kuingia mtaroni.

Mtumbwi wa Mama Béa ulikuwa mti mmoja mrefu uliochongwa, umejaa chumvi na sabuni za kubadilishana na samaki. Wapiga kasia walikuwa wawili, ndugu wa Mama Béa, wazee wa umri ambao hata jeshi halina haja nao. Mimi nimezaliwa ziwani, nikajigamba kwamba maji siyaogopi. Ziwa letu lakini linakaa mahali pake. Mto ule unakwenda, na unakwenda na wewe, na visiwa vya majani vinakupita kama vina shughuli mjini.

Chakula kilikuwa kwanga, mkate wa muhogo uliofungwa majanini, na samaki wa liboke waliochomwa ndani ya majani ya msituni. Hivyo nilivipenda. Siku ya pili Mama Béa akafungua bakuli la mbinzo, viwavi waliokaangwa, weusi, wenye vichwa. Nikamwambia nimeshiba.

"Tanzanie," alisema, "umeshiba nini? Toka asubui uko natafuna kidole."

Nilikula mmoja nikiwa nimefumba macho. Wa pili nilifumbua. Jioni yake nilikuwa naliangalia lile bakuli kwa pembe ya jicho, na Mama Béa akalisogeza upande wangu.

Kizuizi cha Isangi

Tulisimamishwa karibu na Isangi. Kamanda wa kizuizi, kijana wa Kivu mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, aliuliza maswali ya kawaida. Nilipojibu, akainua mkono.

"Ongea tena."

Nikaongea tena.

"Wee iko journaliste," alisema. "Unaongea sawa radio."

Nikaapa kwamba mimi ni yaya tu, nalea watoto wa dada, kwetu hata muuza dagaa anaongea hivi. Walinitenga, nikakalishwa juu ya pipa. Mama Béa akaanza kuomba kwa dini yake na mimi kwa yangu. Baada ya muda kamanda alirudi peke yake, amevua kofia, na akaonekana mdogo kuliko mimi. Alikuwa na daftari. Kumbe palikuwa na binti wa mwalimu pale pale Isangi, ambaye kila akiandikiwa barua aliirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Nikaandika. Nilimwaga maneno yote ya harusini kwetu, macho yako, mwendo wako, sina usingizi sina raha. Kamanda alisoma akatokwa jasho. Kosa langu ni kuiandika vizuri mno, kwa sababu wenzake nao walileta madaftari. Nilikaa juu ya pipa lile siku mbili nikiwatongozea wanawake wasionijua, huku siku za dada zikizidi kupungua. Siku ya tatu niliwaambia wino wa mapenzi umekwisha, na wakatupa ruhusa.

Basoko

Siku ya nane tulianza kuuona mji wa Basoko, pale Aruwimi inapoingia mtoni. Hapa sasa naeleza upumbavu wangu, na naomba msicheke kabla sijamaliza.

Nilifikiri: Koko hanijui vizuri, tulikaa pamoja miezi michache tu, tena ni miaka imepita, atajuaje kwamba nimetoka nyumbani kwake kweli? Akikiona kitenge chake mwenyewe hatakuwa na shaka. Nikaona nina akili kuliko dada. Mtumbwi ulipokaribia, nikafungua mzigo, nikatoa Jirani Nyamaza, nikajifunga.

Koko Aziza alikuwa uani kwa kaka yake, anageuza samaki juu ya moshi. Alikuwa mzima, mwembamba vile vile, ananung'unika vile vile. Nilitaka kumrukia. Aliyefariki alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Mchuuzi alichanganya wazee wawili wa nyumba moja. Lakini Koko hakunitazama uso. Alitazama kiuno.

"Hii kikwembe iko ya nani?"

"Ni yako, Koko."

"Najua iko yangu. Nani alikupatia?"

"Nilipewa siku ya arobaini," nikasema, na nilitabasamu, Mungu anisamehe. "Kila mwanamke alipewa chake."

Alikishika pindo akalisugua kwa vidole viwili, taratibu.

"Arobaini ya nani?"

Hapo ndipo nilipolikumbuka onyo la dada. Hakuhitaji jibu.

"Bon," alisema. "Mulinilia, mukakula, mukanigawanya. Mutu mwenye balishagawanya, anarudia wapi? Batanivalisha nini, majani?"

Aliingia ndani akafunga mlango. Nilibaki uani na mabirika yangu. Nilikuwa nimepita bunduki za pande mbili, kisha nikamfungia dada yangu njia kwa kipande cha nguo.

Nilimwomba radhi kupitia ubao wa mlango siku nzima ile na iliyofuata. Nilimweleza kosa la mchuuzi, nikamwambia mwanawe alivyolia. Mlango ulibaki umefungwa. Kaka yake, Papa Idi, alinionea huruma.

"Aziza akifunga mulango, acha tu," alisema. "Baba yetu alishindwa."

Nililia sana, siwafichi. Akilini nilimwona Asha akimpungia mkono mama yake anayeondoka. Asubuhi ya tatu niliona bora niwe na la kufanya kuliko kulia, na njaa ilikuwa inauma. Nikachemsha ndizi za Papa Idi, nikavuta kinu, nikaanza kutwanga. Nilitwanga kwa hasira zangu zote.

"Simama," sauti ikatoka ndani.

Nikasimama.

"Wee unatwanga ao unapiga mwizi?"

Mlango ukafunguka. Alininyang'anya mchi, akachovya ncha ya mchi kwenye maji ya moto, akaanza upya: unashindilia, unazungusha, unakunja ndizi kutoka ukingoni, unashindilia tena. Mlio ulikuwa mwingine kabisa, mzito na sawasawa.

"Mabonge inatoka hapa," alisema. "Munapiga katikati, munasahau pembeni. Nyote bawili, wee na dada yako." Akatwanga kidogo. "Kikwembe yangu ya mikono nyekundu alikamata nani?"

"Mama Zaina wa jirani."

"Zaina? Na matako ile? Atakuwa ameshaipasua." Akatwanga. "Ile ya saa za ukuta?"

Nikamtajia vyote kumi na viwili, na mwenye navyo, na kila jina lilimwongezea nguvu ya mchi. Alipouliza Rehema alipewa kipi, nikamwambia ukweli. Dada alipewa kizuri kuliko vyote, cha rangi ya dhahabu, hajakivaa hata siku moja. Amekikunja na naftalini chini ya kitanda. Kisha nikamwambia na lile nililokuwa nimeliogopa, kwamba huenda hatakivaa kamwe, maana mwaka ukiisha atarudishwa Ujiji na watoto watabaki.

Koko hakuwa anajua. Niliona wazi kwamba hakuwa anajua.

"Juu ya nini?"

"Juu yako, Koko. Wanasema yeye ndiye aliyekufukuza ukaja kufia huku."

"Nani alikata ile maneno?"

"Tonton Saleh."

Mchi ukasimama hewani. "Saleh," alisema. "Saleh mwenye nilibeba mu mugongo, akinikojolea?"

Akauegemeza mchi ukutani, akaingia ndani, na aliporudi alikuwa na fimbo yake na furushi.

"Mama Béa anapanda mutoni siku gani?"

Kupanda mto

Kurudi tulitumia siku kumi na tatu, maana kupanda si kushuka, na wapiga kasia walikuwa wanashikilia kingo kwa miti mirefu. Mvua ilitunyeshea siku nne mfululizo. Koko alikaa katikati, juu ya magunia ya samaki, akiwaelekeza wazee wale namna ya kupiga kasia, kazi waliyoifanya kabla sijazaliwa. Kwenye mvua nilikivua kile kitenge nikamrudishia, nikijifunika kanga. Alikitupa magotini kwangu.

"Bakia nayo. Iliniita vibaya, lakini iliniita."

Isangi kamanda alitupokea kama wakwe. Binti wa mwalimu alikuwa amekubali. Shida ni kwamba sasa alitaka aambiwe yale maneno kwa mdomo, kila jioni, na kijana wa watu alikuwa ameishiwa. Alitaka nishuke nimfundishe. Nikaziona siku mbili nyingine juu ya pipa, na za dada zilikuwa zimebaki chache mno. Koko akamwita kwa fimbo.

"Mutoto, mama yako iko wapi?"

"Bukavu, Koko. Sijamuona miaka tatu."

"Mwambie yule binti ile. Usimwambie kitu ingine."

Kamanda alitusukumia mtumbwi mwenyewe, maji yakimfika magotini.

Kabondo tena

Tulifika Kisangani asubuhi, siku sita kabla ya mwaka kutimia. Wa kwanza kutuona alikuwa Mama Zaina, anafua mtoni, amejifunga kikwembe cha mikono myekundu. Alimtazama Koko, akatazama alichojifunga, akaacha beseni na nguo akakimbia. Tulimwona anapanda ukingo wa mto kwa kasi ambayo sikumdhania.

Tukapanda toleka mbili. Koko alikaa nyuma ya baiskeli, mgongo wima, fimbo mapajani, na habari ilikuwa imetutangulia. Kabondo yote ilikuwa nje. Watoto walikimbia ubavuni wakiimba, Koko anarudia, Koko anarudia. Na wanawake walikuwa wamepanga mstari tangu njia kuu hadi mlangoni petu, kila mmoja na kikwembe kimekunjwa juu ya mikono miwili. Mama Zaina alikuwa ameshakivua cha kwake, amekikunja kikiwa bado kibichi. Koko alipita akivitaja majina kimoja kimoja, anavigusa, haonyeshi uso wowote. Mimi nilitembea nyuma yake nimejifunga mabirika, machozi yananitiririka, na ninawaambieni ukweli, sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Papa Asha alimwangukia mama yake miguuni. Dada alisimama kizingitini na mtoto mgongoni, na cha dhahabu mikononi, hawezi kusogea. Koko alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Akaketi uani. Akaletewa maji, akakataa. Akaletewa wali, akakataa.

"Rehema," alisema. "Twanga lituma."

Dada alitwanga mbele ya umati ule. Nilitaka kumnong'oneza habari ya pembeni ya kinu, lakini Koko alininyooshea fimbo. Wakati huo Tonton Saleh na wazee wake walikuwa wameshafika na kupewa viti. Alimgusa shemeji yake bega, kama mtu anayepima kama ni nyama au moshi. Kisha akakaa, akakohoa, kwa sababu alikuwa mkubwa wa ukoo na lazima aseme kitu.

"Donc, mama, tunashukuru Mungu," alianza. "Lakini ile maneno ya huyu muke, mwenye alikufukuza—"

Koko aliinua mkono, kwa kuwa sahani ilikuwa imefika. Alikata donge, akachovya, akatia mdomoni. Tulimsikia akitafuna, na lituma halitakiwi kutafunwa. Akatoa bonge, kubwa kama jicho la mbuzi, akaliinua wote waone.

"Iko na mabonge," alisema. "Sawa siku ile."

Dada aliinamisha kichwa. Koko akalirudisha bonge mdomoni, akalitafuna, akalimeza. Akala donge la pili, na la tatu, bila haraka, hadi sahani ikawa tupu, akaifuta kwa kidole. Ndipo akamgeukia Tonton Saleh.

"Saleh, huyu bokilo iko yangu. Kama ni kumutukana, namutukana mie. Mutu mwingine, hapana."

Akamsogezea dada yangu sahani.

"Ongeza."